Nakala yako ya "Chinese Girl" ina kasoro: dalili, chanzo na la kufanya

Wanaokusanya nakala zilizochapwa za michoro ya Vladimir Tretchikoff huuliza maswali yaleyale. Mbona uso umezidi kuwa wa bluu? Mistari hii ya kahawia imetoka wapi? Sahihi hii ni ya mkono wake kweli? Hapa tutaanza na unachokiona kwa macho, kisha tutafuata nyuma hadi kwenye chanzo. Nimeichagua "Chinese Girl" kwa sababu ndiyo nakala yake iliyosambaa kuliko zote, lakini sehemu kubwa ya maelezo haya inafaa pia kwa "Miss Wong", "Lost Orchid" na nakala nyingine za ofseti, yaani zilizochapwa kwa mtambo, za miaka ya 1950 na 1960.

Huwezi kujua kilichoharibika kama hujui picha ilivyokuwa ikiwa nzima. Tretchikoff, mzaliwa wa Petropavlovsk ambayo leo iko Kazakhstan, alihamia Afrika Kusini mwaka 1946, na picha hii aliichora Cape Town mwanzoni mwa miaka ya 1950. Aliyekaa mbele yake ni Monika Pon-su-san, binti aliyekuwa akifanya kazi katika duka la udobi la mjomba wake, mtaa wa Sea Point. Uso aliupaka kijani kinachoelekea bluu, midomo nyekundu, joho la manjano ya dhahabu, na nyuma yake kahawia tupu. Sehemu ya chini ya joho ni mistari mitupu isiyojazwa rangi. Wapo wanaoiona nakala sokoni wakadhani rangi za chini zimefutika, na wengine hushusha bei kwa sababu hiyo. Hazijafutika. Mchoraji mwenyewe ndivyo alivyoiacha.

Wahakiki walimkejeli kwa miaka mingi, naye hakuacha kuuza. Nakala zake zilipelekwa madukani na kuingia sebule za watu wa kipato cha kawaida Uingereza, Afrika Kusini na kwingineko, watu ambao wasingeweza kununua mchoro wa mafuta hata siku moja. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu ya kuzitunza kwa heshima. Nyingi zilifungwa kwenye fremu za bei nafuu, kadibodi mbovu nyuma na kioo kikigusana na karatasi, kisha zikatundikwa mahali pa mwanga mwingi. Matatizo mengi utakayoyasoma hapa yalianza siku ile ya kufungwa fremu.

Kwa hiyo dalili yoyote ile, anza hivi. Shusha picha, ilaze kifudifudi juu ya taulo safi, piga picha za mgongo wa fremu jinsi ulivyo kabla hujagusa kitu, halafu ondoa misumari na ubao wa nyuma polepole. Utahitaji kioo cha kukuzia cha mara 10, brashi laini ya kupakia poda, tochi ndogo ya mwanga wa urujuanimno kama zile za kukagulia noti, na mikono iliyooshwa ikakauka kabisa. Kila kipande unachokitoa kiweke upande, hata kama ni kibovu, kwa sababu utakihitaji kusoma chanzo cha tatizo.

Uso umezidi ubluu, midomo imepauka

Hii ndiyo dalili inayoonekana zaidi kwenye picha hii. Nakala ya ofseti hujengwa kwa wino wa rangi nne: sayani (bluu ya kijani), majenta (waridi kali), manjano na nyeusi. Wino hizi hazivumilii mwanga kwa usawa. Nyeusi hutokana na kaboni, na sayani ni rangi imara sana. Majenta na manjano ndizo zinazochoka mapema. Sasa fikiria inavyokuwa kwa binti huyu: kijani cha uso wake kimetengenezwa kwa sayani na manjano. Manjano ikififia, kinachobaki ni sayani, na uso unageuka wa bluu baridi. Midomo, iliyotegemea majenta na manjano, inakuwa ya kijivu au waridi hafifu. Dhahabu ya joho inakuwa rangi ya majani makavu. Nywele nyeusi zinabaki vilevile, na ndiyo maana mtu aliyeishi na picha hiyo ukutani hagundui mapema kilichotokea.

Ili kuthibitisha, angalia ukingo wa karatasi uliokuwa umefichwa chini ya fremu. Kama ukanda huo mwembamba una rangi nzito kuliko sehemu iliyokuwa wazi, na mpaka kati yake ni mstari ulionyooka, basi ni mwanga. Kama ukingo na katikati ni sawasawa, usiulaumu mwanga bado. Nakala za picha hii zilichapwa mara nyingi, na kila awamu ilitoka na rangi zake. Nyingine zilikuwa za bluu tangu zilipotoka mtamboni. Usilinganishe na picha ya kwenye simu, kwa sababu kila skrini inaonyesha rangi kivyake.

Jambo jingine la kukagua kabla ya kuhukumu: pitisha pamba kavu upande wa ndani wa kioo. Nyumba nyingi za wakati huo zilikuwa na wavuta sigara, na makaa ya mawe yaliwashwa sebuleni. Pamba ikitoka na uchafu wa manjano, huenda kilichochafuka ni kioo tu. Kioshe kikiwa mbali na karatasi, kikauke, kisha uitazame picha upya.

Kama kweli ni mwanga, rangi iliyokwenda hairudi. Hakuna dawa ya kuipaka. Mtu akikuambia atairudishia kwa brashi na rangi za maji, mkatalie; ataharibu kilichobaki, na mnunuzi makini ataona mara moja. Unachoweza kufanya ni kuzuia isiendelee. Makumbusho huweka kazi za karatasi kwenye mwanga wa takriban laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga). Jua la moja kwa moja linaweza kufika laksi 100,000. Kwa hesabu hiyo, saa moja ya jua linalopiga moja kwa moja ni sawa na saa 2,000 za mwanga wa makumbusho, na madhara yake hujumlishwa, hayafutiki usiku ukifika. Kioo cha kuzuia urujuanimno kinasaidia, lakini hakimalizi tatizo, maana mwanga wa kawaida unaoonekana nao hufifisha. Ukuta wa ndani usiotazamana na dirisha ni kinga bora kuliko kioo cha bei kubwa.

Karatasi imekuwa ya kahawia

Usiulize kwanza imekuwa ya kahawia kiasi gani. Uliza umbo la kahawia hiyo, kwa sababu umbo ndilo linalotaja mhusika.

Mstari wa kahawia unaozunguka picha kama dirisha unatoka kwenye kadi ya kuzungukia picha. Kadi za bei nafuu zilitengenezwa kwa massa ya mbao yenye lignini, ambayo ikizeeka hutoa asidi, na asidi hiyo huunguza karatasi pale inapogusana na ukingo uliokatwa. Tazama ukingo wa kadi yenyewe: kadi nzuri ni nyeupe hadi ndani, na kadi yenye asidi ina tumbo la rangi ya chai.

Mistari sambamba, yenye nafasi sawa, inatoka kwenye kadibodi ya maboksi iliyowekwa nyuma. Yale mawimbi ya ndani ya kadibodi yanajichora kwenye karatasi kwa asidi, mstari kwa mstari. Mistari michache iliyo mbalimbali ni mianya kati ya vipande vya mbao vilivyofunga mgongo. Hewa chafu na vumbi vimepita hapo. Na ukiona doa la mviringo lililokaa peke yake mahali pasipo na maana, geuza ubao wa nyuma ukatafute kifundo cha mti. Mara nyingi utakikuta mahali palepale, kimepiga muhuri wake kupitia karatasi.

Mraba wa manjano unaong'aa, kama karatasi imelowa mafuta, ni seloteipu. Gundi yake imeyeyuka na kuingia ndani ya nyuzi. Usiivute. Plastiki ya juu ikiwa imeshabanduka yenyewe, iondoe. Gundi iliyobaki ni kazi ya mtaalamu wa uhifadhi wa karatasi mwenye viyeyushi vyake.

Kahawia iliyoenea sawasawa nakala nzima ina maana karatasi yenyewe ni ya daraja la chini, au imegandishwa juu ya hadibodi. Nakala nyingi za madukani zilibandikwa kwenye ubao ili zikae wima bila kujikunja. Hadibodi ina asidi, na karatasi iliyogandishwa juu yake haina pa kukimbilia. Najua hamu ya kuibandua inavyokuja. Jizuie. Karatasi ya ofseti ni nyembamba, gundi ya joto imeshika kila sentimita, na kinachobanduka huwa ni uso wa picha. Nakala iliyo juu ya ubao wake wa zamani, ikiwa nzima, wakusanyaji wanaikubali. Iliyochanika kwa kubanduliwa haikubaliki popote.

Kwa hizo nyingine zote tiba ni moja: toa kadi na ubao mbovu, weka kadi isiyo na asidi, ikiwezekana ya pamba tupu, mbele na nyuma. Doa litabaki, ila halitaongezeka.

Madoa madogo ya kahawia, harufu ya unyevu

Hapa wasomaji wa pwani mtanielewa haraka. Mombasa, Tanga, Unguja au Dar es Salaam, kuta za nje hubeba unyevu msimu mzima wa mvua, na picha iliyolala bapa juu ya ukuta huo inaunywa kwa mgongo. Kuvu huanza kupata nafasi pale unyevu wa hewa unapokaa juu ya asilimia 65 au 70 kwa muda mrefu.

Tofautisha mambo mawili. Madoa ya kahawia yaliyotawanyika, bapa, yasiyo na manyoya, ni madoa ya zamani: chembe za chuma ndani ya karatasi, au kuvu waliokwisha kufa, au vyote viwili. Hayo hayaambukizi, na ukiweza kuyavumilia yaache. Ukiona utando wenye manyoya, mweupe, wa kijivu au wa kijani, na brashi ikiugusa unapakaa, kuvu hao wako hai. Funga nakala kwenye mfuko, itenge na nyingine, halafu itoe mfukoni uikaushe taratibu mahali penye hewa kavu inayotembea, kisha ukiwa nje na umevaa barakoa, fagia utando kwa brashi laini ukielekeza mbali nawe. Kufagia utando ukiwa bado umelowa ni kuusugua ndani ya karatasi.

Jiki, ndimu, siki na jua la uani visikaribie kabisa. Jiki huondoa doa leo na kuacha karatasi inayovunjika kesho, na jua litaondoka na majenta kabla halijamaliza kuvu.

Kuzuia ni rahisi kuliko kutibu. Bandika vipande vya kizibo vya unene wa sentimita moja kwenye pembe za chini nyuma ya fremu, ili hewa ipite kati ya picha na ukuta. Chagua ukuta wa ndani. Kama chumba kina kiyoyozi, tatizo huwa ni kukiwasha na kukizima: karatasi hukauka mchana, hulowa usiku, na mabadiliko hayo huichosha kuliko unyevu wa wastani usiobadilika. Kipima unyevu cha bei ndogo kikikaa karibu na picha kitakuonyesha hali halisi baada ya siku chache.

Wadudu hufuata njia hiyohiyo ya unyevu. Uso wa karatasi ukiwa umelambwa vibaka vibaka, rangi imetoka lakini karatasi haijatoboka, watafute wale wadudu wembamba wa rangi ya fedha wanaokimbia ukifungua nyuma. Wanapenda wanga na gundi. Matundu na vijia vya udongo ni mchwa, na hapo ukuta ndio unaohitaji fundi kabla ya picha.

Karatasi imefanya mawimbi

Karibu kila mara utakuta imebanwa kwa gundi au tepu pande zote nne. Karatasi hutanuka ikipata unyevu na husinyaa ikikauka. Ukiifunga pande zote inabaki na njia moja tu, kupanda na kushuka. Fundi anayejua kazi huishika kwa vipande viwili vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano kwenye ukingo wa juu pekee, ikaning'inia huru. Ikifunguliwa na kulazwa chini ya uzito mwepesi, katikati ya karatasi safi za kufyonza unyevu, mawimbi madogo hutulia yenyewe. Pasi usiiguse.

"Ni ya asili hii"

Kasoro hii haiko kwenye karatasi. Iko kwenye maneno ya muuzaji, na ndiyo inayowagharimu watu fedha nyingi.

Mchoro wenyewe wa mafuta uko wapi, inajulikana. Tretchikoff alimuuzia Mmarekani wakati wa ziara yake huko, ukakaa katika familia hiyo, na tarehe 20 Machi 2013 ukauzwa kwenye mnada wa Bonhams, London, kwa pauni 982,050. Aliyeununua ni Laurence Graff, mfanyabiashara wa almasi, na ukawekwa kwenye shamba lake la mizabibu la Delaire Graff karibu na Stellenbosch, Afrika Kusini. Kwa hiyo anayekuuzia "Chinese Girl ya asili" anakuuzia nakala, hata kama haongopi kwa makusudi. Na bei ile ya mnada haina uhusiano wowote na nakala uliyoishika.

Swali la haki ni hili: ni nakala ya zamani, au imetoka kwenye printa juzi? Weka kioo cha kukuzia juu ya shavu la binti, pale kijani kinapoingia kwenye kivuli. Nakala ya ofseti itaonyesha nukta zilizojipanga kwa mpangilio unaojirudia, za sayani, majenta, manjano na nyeusi, zikijikusanya katika maumbo ya viduara. Printa ya kisasa ya wino wa kunyunyiza itaonyesha chembechembe zilizotawanyika bila safu. Ukiona chembe hizo, umri wa fremu hauna maana tena. Mtu ameingiza picha mpya kwenye fremu kuukuu. Ila jihadhari na upande wa pili: ofseti bado inatumika hadi leo, kwa hiyo nukta zilizopangika hazitoshi kuthibitisha uzee.

Zima taa uwashe tochi ya noti. Ving'arishi vya karatasi, yaani kemikali za kuifanya ionekane nyeupe zaidi, vilianza kuenea miaka ya 1950, na chini ya tochi hung'aa bluu-nyeupe kali. Karatasi inayowaka hivyo kwa nguvu inaelekea kuwa ya baadaye. Iliyobaki dufu inaendana na uzee, bila kuuthibitisha. Nami huamini zaidi ushahidi wa pamoja: misumari iliyoota kutu ndani ya matundu yake ya kwanza, karatasi ya kuzibia vumbi ambayo haijawahi kukatwa, lebo ya duka la fremu, na maandishi ya mchapishaji kwenye ukingo mweupe wa chini. Ukingo huo usiukate kamwe ili picha ienee kwenye fremu. Wengi waliukata, na ndiyo maana nakala zenye ukingo kamili zinatafutwa.

Kuhusu sahihi, karibu nakala zote zina jina la Tretchikoff lililochapwa pamoja na picha, kwa kuwa lilikuwa sehemu ya mchoro. Hilo halimaanishi alizisaini. Iangalie kwa kioo: ikiwa imejengwa kwa nukta zilezile za shavu, imechapwa. Sahihi ya kalamu ina mstari usiokatika, wino wake hushika mwanga tofauti ukiinamisha karatasi pembeni ya taa, na kalamu ya wino wa mpira huacha mfereji unaousikia kwa ncha ya kidole upande wa nyuma. Namba kama 12/500 (yaani nakala ya 12 kati ya 500) zilizoandikwa kwa penseli kwenye nakala ya ofseti zinasema tu kwamba mtu aliamua kuhesabu. Hazisemi kwamba msanii alishiriki kuichapa.

Imeganda kwenye kioo

Nimeiacha mwisho kwa sababu hapa ndipo usipopaswa kujaribu chochote mwenyewe. Sehemu iliyoganda huonekana nyeusi zaidi, yenye mng'ao, kama bado imelowa, na mara nyingi iko chini ambako maji yalitiririka na kukusanyika. Karatasi ya picha yenye mng'ao ina tabaka la udongo mweupe juu yake. Ikilowa na kubanwa kwenye kioo, tabaka hilo hulainika na kushikamana nacho. Kisu, mvuke wa birika na kikaushia nywele vyote vinaishia kuacha shavu la binti kwenye kioo na mgongo wa karatasi mkononi mwako. Laza fremu, kioo kikiwa chini, toa ubao wa nyuma ili unyevu uliobaki upate pa kutokea, na isafirishe ikiwa hivyohivyo hadi kwa mtaalamu wa karatasi. Ikiwa kioo kimepasuka, usikiondoe vipande. Kishikilie kwa tepu upande wa nje. Fremu mpya ikifungwa, hakikisha kadi au vijiti vyembamba vinatenganisha kioo na karatasi kwa angalau milimita 3.